Anwani Inayohama

Jumamosi ile ukumbi wa huduma kwa wateja wa kampuni ya intaneti ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Wengine walikaa, wengine waliegemea nguzo, kila mmoja na kikaratasi chake chenye namba, macho juu kwenye skrini. Namba mia moja arobaini na mbili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sketi ya kijivu, blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo hadi shingoni, na vumbi la lenzi limemganda kwenye kucha. Kazi yake ilikuwa kunoa lenzi za miwani katika karakana ya daktari wa macho, na pale kazini walimwita Fundi tu. Alikuwa amebeba ruta ya nyumbani kwake ndani ya mfuko wa plastiki, waya ukining'inia nje.

"Ruta yako ni nzima, dada," karani alimwambia bila hata kuigusa. "Kinachobadilika ni anwani. Umeme ukikatika ukarudi, nyumba yako inapewa namba nyingine. Wateja wa majumbani wote ndivyo walivyo."

"Nikitaka isibadilike?"

"Utahamia kifurushi cha makampuni."

"Na nisipohamia?"

"Ndiyo hivyo tena."

"Sawa," alisema Fundi, akachukua mfuko wake.

Hakupandisha sauti. Hakuomba kuonana na meneja. Kaunta ya pili kulikuwa na baba mmoja anagombana hadi mishipa ya shingo imemsimama, na Fundi alimpita kama mtu anayepita duka la vitu asivyovihitaji.

Namba mia moja arobaini na tatu ilikuwa mkononi mwa mwanaume mwembamba aliyevaa shati la samawati, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Skrini ilimwita. Aliitazama skrini, akautazama mlango, akatoka mbio.

"Dada! Samahani, dada wa ruta!"

Fundi aligeuka. "Sinunui."

"Siuzi."

"Basi unaomba."

"Wala siombi. Nimesikia ulivyoambiwa pale. Hukuambiwa yote. Njia ipo."

Fundi alikitazama kikaratasi mkononi mwake. "Umeacha zamu yako."

"Nimeiacha."

"Ulikuwa umesubiri muda gani?"

"Dakika hamsini."

"Mtu mzima na akili zake," alisema. Hakuwa anamdhihaki, alisema kama anayesoma tangazo ukutani. "Haya. Njia gani?"

Walisimama kwenye kivuli cha ngazi, watu wakiwapita huku na huku. Mwanaume akamuuliza anwani isiyobadilika anaitakia nini.

"Kamera. Namtazama baba nikiwa kazini."

Baba yake alikuwa mpimaji ardhi mstaafu. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimwangusha, upande wa kulia ukalala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo yakabaki matano au sita. Mchana mama wa ghorofa ya chini alipanda kumlisha. Saa nyingine zote alikaa peke yake kwenye kiti cha dirishani, na Fundi akimtazama kwenye simu kati ya lenzi moja na nyingine. Umeme ukikatika, picha inapotea, na hamwoni tena mpaka arudi nyumbani asome namba mpya.

"Pole sana," alisema mwanaume.

"Nimeshapoa."

Watu hujibu hivyo kwa adabu tu. Yeye alilimaanisha neno lenyewe. Alikuwa amepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Una tovuti? Jina lolote la tovuti uliwahi kusajili?"

Alikuwa nalo. Kabla baba hajaanguka alitaka kuuza fremu za miwani mtandaoni. Tovuti ilikuwa na ukurasa mmoja, picha za fremu tatu, basi. "Ipo, lakini imekufa."

"Imehifadhiwa na kampuni gani?"

Alipoitaja, yule mwanaume alicheka, akachomoa kitambulisho mfukoni mwa shati. "Mimi ndiye ninayepokea simu pale! Wenzangu wananiita Subiri. Ndilo neno ninalowaambia wateja kutwa nzima. Sikiliza, dada. Anwani ya nyumba yako ni kama mpangaji asiyetulia, leo chumba hiki, kesho kile. Tutampa jina. Kila akihama, lazima aripoti: niko hapa sasa. Wewe utaita jina tu, na jina halihami."

"Nani atamkumbusha kuripoti?"

"Ruta yenyewe. Kila baada ya dakika tano."

"Kila dakika tano," Fundi alirudia. "Ina adabu kuliko kaka yangu."

Fundi akampa namba yake ya simu. Alipokuwa anaondoka, Subiri aliusindikiza kwa macho ule waya unaoning'inia mpaka ukapotea kwenye umati. Kisha akarudi ndani kuchukua kikaratasi kingine. Namba mia moja themanini na tisa.

Saa kumi alasiri simu ya Fundi ililia.

"Umeingia kwenye paneli ya tovuti yako?"

"Nimeingia. Ina vitufe kama chumba cha rubani."

"Usiviogope, haviumi. Shuka mpaka penye majina ya tovuti. Hapo kuna sehemu imeandikwa DNS badilifu. Bofya."

"Nimebofya. Inataka jina."

"Ni jina dogo litakalotangulia jina la tovuti yako. Weka lolote. Nyumbani, sebuleni, utakavyo."

Subiri alisikia vidole vikigonga. "Nimeandika 'baba'."

"Limekubali?"

"Limekubali. Inataka na maelezo."

"Hayo ni ya kujikumbusha wewe mwenyewe. Unaweza kuacha wazi."

Hakuacha wazi. Aliandika: kiti cha dirishani. Paneli ikamtolea mstari mrefu wa herufi na tarakimu zilizochanganyika.

"Imetapika kitu hapa, hakina mwanzo wala mwisho."

"Hicho ni kiungo cha siri. Kinapoitwa kutoka mahali fulani, paneli inaamini baba yuko pale pale. Kwa hiyo usimpe mtu. Hata mimi usinisomee."

"Hata wewe?"

"Mimi hasa. Kinakili, ukakibandike kwenye ukurasa wa ruta, pale nilipokuelekeza. Umeweka? Subiri kidogo."

"Unaniambia mimi au unajitambulisha?"

Subiri alicheka peke yake kwenye simu. Fundi alingoja amalize.

"Sasa zima ruta, iwashe tena. Anwani itabadilika. Kisha toka kwenye mtandao wa nyumbani, tumia data ya simu yako, uite lile jina."

Taa za ruta zilizimika, zikawaka moja moja. Fundi aliandika jina kwenye simu. Picha ikafunguka: kiti, pazia, mzee mwenye shati la mistari, mkono wa kulia umelazwa kwenye paja.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Anafanya nini?"

"Ananitazama."

Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye kiti. Baba yake alikuwa amemkazia macho, na yeye alikuwa akiyaangalia macho hayo kwenye simu.

Simu za kazi zikageuka simu za salamu, na salamu zikazaa mengine. Subiri hakuwa na haya.

"Fundi, niko chini ya karakana yenu. Miwani yangu imevunjika."

"Wewe huvai miwani."

"Unaona ilivyovunjika?"

"Nashuka. Dakika kumi tu, nina lenzi kwenye mashine."

Wakawa wanakula mchana pamoja kwenye benchi nyuma ya karakana, kila mmoja na kopo lake. Fundi aliiweka simu katikati yao, imeegemea chupa ya maji, baba yuko kwenye skrini. Siku ya kwanza Subiri aliinama mbele ya simu akasema, "Shikamoo, mzee," na Fundi akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Jumamosi moja mama wa ghorofa ya chini alijitolea kukaa na mzee jioni nzima, wakaenda sinema. Fundi alivaa gauni la manjano alilolinunua kabla ya ugonjwa, shingo wazi, kiunoni mkanda mwembamba. Alikuwa amelikata lebo asubuhi ile.

"Umependeza mpaka nimesahau nilichotaka kusema."

"Ulitaka kusema subiri."

"Mpenzi, leo sisubiri mtu."

Waliporudi wakitembea, alimshika mkono. Fundi hakuutoa. Walipita maduka matatu wakiwa hivyo.

"Unasikia nini?" Subiri aliuliza.

"Mkono wenye joto."

"Basi?"

"Basi. Usiumie. Si wewe." Alitafuta namna ya kulisema. "Umewahi kung'olewa jino? Wanakuchoma sindano ya ganzi. Unashika shavu, unajua ni lako, lakini hulisikii. Tangu baba aanguke mimi niko hivyo, mwili mzima. Nakula, nafanya kazi, watu wananiambia pole. Nakuona wewe ni mtu mzuri. Naliona hilo kama ninavyoiona ile taa."

"Ganzi huisha."

"Ya daktari huisha baada ya saa mbili. Hii ina miaka miwili."

"Nitangoja."

"Utachoka."

"Nimekaa foleni mara mbili siku moja, Fundi. Mimi sichoki."

Hakuchoka, lakini alikuwa na kijiba cha moyo ambacho hakukitaja. Mara mbili alikuwa amemwona Fundi akishuka kutoka kwenye gari jeupe la daktari wa macho. Daktari alikuwa amefiwa na mkewe, mtanashati, suti haimtoki mwilini, na alikuwa akimpa lifti kwa sababu njia yao ilikuwa moja. Alikaa upande wa pili wa mji, kwenye mitaa ile mipya ya nyumba za kufanana zenye ukuta na geti. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia, bila kuulizwa. Subiri alijibu, "Vizuri," akabadilisha mazungumzo.

Kisha Fundi akanyamaza. Jumatatu hakupokea simu. Jumanne hakupokea. Jumatano ilikuja meseji: "Niko salama. Tutaongea." Neno "mpenzi" halikuwemo, lakini halikuwahi kuwemo.

Pale kazini kwa kina Subiri sheria ilikuwa moja na ilibandikwa ukutani: akaunti ya mteja haifunguliwi mpaka mteja mwenyewe aombe. Subiri aliifungua Jumatatu ile ile. Akaifungua tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Alhamisi ndipo alipoelewa anachokiona. Jina "baba" lilikuwa linaripoti vizuri, kila dakika tano, bila kukosa. Ila tangu Jumapili saa tisa mchana halikuripoti kutoka kwenye kampuni ile ya ukumbi wenye foleni. Liliripoti kutoka kampuni nyingine kabisa, ile inayohudumia mitaa mipya ya upande wa pili wa mji.

Kamera imehama. Baba amehama. Nani angemhamisha baba bila binti yake? Yaliyobaki wivu uliyajaza wenyewe. Akaandika meseji: "Naona mmehamia pazuri. Hongera. Ungeniambia tu, nisingekuzuia."

Haikupita dakika moja simu ikalia.

"Umejuaje kuna kuhama?"

Subiri aliitazama ile sheria ukutani.

"Nimekuuliza."

"Nimeona kwenye paneli. Anwani ya baba iko mtandao mwingine."

"Nilikuomba uangalie?"

"Hukuniomba."

"Umeangalia mara ngapi?"

"Leo..." Akajirudi. "Mara nne. Tangu Jumatatu."

"Sawa."

"Fundi, sema kitu. Nitukane basi."

"Sina tusi. Kwaheri."

Jioni ile Fundi alibadilisha neno la siri la akaunti, akatengeneza kiungo kipya na kukibandika kwenye ruta, na akapiga simu kuomba kwamba akihitaji msaada ahudumiwe na mtu mwingine yeyote. Maombi yake yaliandikwa kwa heshima. Subiri aliyasoma yalipopita kwenye meza yake, na akatamani yangekuwa na neno moja baya.

Yaliyotokea yalikuwa haya. Jumapili ile kaka yake Fundi alifika na mkewe na gari la mizigo. Alikuwa amepata nyumba kwenye ile mitaa mipya, ina chumba cha chini kisicho na ngazi. Mkewe aliwahi kuwa muuguzi, na sasa alikuwa akishinda nyumbani.

"Umebeba vya kutosha, mdogo wangu," kaka alisema. "Sasa ni zamu yangu."

"Umeamua lini?"

"Tumeamua. Ni kwa faida yako. Utapumua."

"Wifi, nitamtunza kama mtoto wangu mwenyewe," mke wa kaka alianza, akajikwaa, "yaani mzee, nitamtunza mzee." Alikuwa mwanamke mwema, na aibu ilikuwa imemshika.

Gari lilikuwa tayari mlangoni, injini inaunguruma. Fundi alisema sawa. Alipanga vidonge vya asubuhi na vya jioni kwenye vikopo viwili. Alikunja mashati. Alichukua kamera na ruta, akaondoka pamoja na kaka na wifi, akaiunganisha ruta yake kwenye laini ya kaka, akahakikisha picha inaonekana. Kisha akarudi peke yake kwenye nyumba ambayo zulia lake lilikuwa na alama nne za miguu ya kiti.

Alingoja huzuni ije. Haikuja. Alingoja kupumua kama alivyoahidiwa. Nako hakukuja. Angempigia Subiri amwambie nini? Kwamba baba ameondoka naye hajisikii chochote? Aliona aibu ya jambo hilo, na aibu yenyewe aliiona kwa mbali. Daktari wa macho hakuwa na habari ya lolote. Wiki ile gari lake lilikuwa gereji.

Zikapita wiki tano. Fundi alinoa lenzi, akamtazama baba kwenye simu, akanoa nyingine. Siku moja mchana akaiwasha picha akaona kitu cheupe. Alidhani kamera imeharibika. Baadaye akatambua ni ukuta.

Akampigia wifi yake.

"Ni mzee mwenyewe," wifi alisema. "Ameigeuza kwa fimbo. Nimeirudisha mara mbili, ameigeuza mara mbili. Jana kaka yako aliifunga kwa gundi, leo ameing'oa na gundi yake."

Fundi aliomba ruhusa, akaenda. Alimkuta baba ameketi, fimbo imelala magotini, kamera imeelekea ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Baba, hutaki nikuone?"

"Njoo," alisema mzee.

"Nimekuja, baba. Niko hapa."

Mzee alitikisa kichwa. Akaielekeza fimbo kwenye kamera. "Hapana." Akaielekeza kwenye kiti kilichokuwa mbele yake. "Njoo."

Fundi aliketi. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akamshika kidevu, akaugeuza uso wake taratibu, kidogo kulia, kidogo juu, kama alivyokuwa akiirekebisha ile darubini yake ya kupimia mashamba, mpaka wakawa wanatazamana sawasawa. Kisha akamwachia.

Walikaa hivyo saa nzima. Nywele za baba zilichanwa kwa upande mwingine siku hizi. Alikuwa na kidonda kidogo cha wembe chini ya sikio. Alinukia sabuni ya watu wengine. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho kamera ilikuwa imemwonyesha, naye alikuwa ameiwasha mara mia kwa siku. Alimfikiria yule mwanaume aliyechungulia mara nne.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, alipiga simu ya huduma.

"Naomba Subiri."

"Nisubiri nini, dada?" msichana wa mapokezi aliuliza.

"Mtu. Anaitwa Subiri."

Simu ikahamishwa. "Huduma kwa wateja, habari za mchana."

"Nzuri. Kuna jina nataka kulifuta."

"Jina gani?"

"Baba."

"Fundi. Mzee amefariki?"

"Hapana. Mzima. Hataki kuchunguliwa."

Alimsikia akishusha pumzi. Kisha akarudia sauti yake ya kazi, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoweza kuitegemea. "Ingia kwenye paneli. Nenda penye..."

"Nimeshafika. Naliona. Pembeni kuna kitufe cha kufuta."

"Bofya hicho."

"Inaniuliza kama nina uhakika."

"Una uhakika?"

"Kwani wewe ndiye paneli?"

"Hapana."

"Basi usiniulize." Alibofya. Ule mstari ulitoweka, na maelezo yake, kiti cha dirishani, yakaenda nao. "Limetoka. Kumbe rahisi hivi."

"Fundi, nilikosea. Nililionea wivu lile gari jeupe la daktari. Nilikuwa na namba yako ya simu mkononi, nikaenda kuuliza mashine."

"Ungeniuliza mimi nisingekujibu. Sikuwa na jibu." Alifikiri. "Lakini ungeuliza."

"Naweza kuuliza sasa?"

"Uliza."

"Uko wapi?"

"Karakana, nimekaa kwenye pipa la mafuta karibu na dirisha, nimevaa aproni." Akamweleza na yaliyobaki, kuanzia gari la mizigo mpaka gundi. Ilichukua mapumziko yote. Mwisho akasema, "Jumamosi saa nane nitakuwa kwa kaka. Nitakungoja getini. Baba anataka watu wanaokuja kwa miguu yao."

Jumamosi, saa nane kamili, Fundi alikuwa amesimama nje ya geti na gauni lake la manjano. Jua lilikuwa kali, na kivuli pekee kilikuwa cha kibanda cha mlinzi. Saa nane na robo. Saa nane na nusu. Simu ya Subiri haikupatikana. Jasho lilimtiririka mgongoni. Saa tisa kasorobo alitokea kwa mbali, anakimbia, lile shati la samawati limemlowa lote.

"Saa ngapi hii?" Fundi alisema.

"Samahani, mpenzi. Mageti yanafanana yote. Nimegonga nyumba za watu..."

"Na simu?"

"Imezima chaji."

"Mwanaume unajua baba yangu anatumia mtandao wa kampuni gani, geti la nyumba huwezi kuliona?"

Sauti ilitoka kubwa. Mlinzi alichungulia nje ya kibanda. Fundi mwenyewe aliisikia, akashtuka, lakini nyingine zilikuwa nyuma yake zimejipanga.

"Mara nne! Umenichungulia mara nne, halafu unaniletea hongera! Hongera ya nini? Kaka yangu kaja na gari la mizigo kamchukua baba kama anachukua kabati, na mimi nikamfungia na soksi! Nikasema sawa! Nani anasema sawa? Nimekaa wiki tano natazama alama za kiti, wewe uko ofisini umenuna kwa sababu ya gari jeupe ambalo lilikuwa gereji!"

"Endelea," alisema Subiri.

"Usinipangie! Naendelea nikitaka!" Alikuwa analia, na hakujua ameanza saa ngapi. Mashavu yalimuwasha, koo lilimuuma, miguu ilimuuma kwa kusimama, kila kitu kilimuuma kwa pamoja. "Mtu anayetaka kumuoa mwanamke hamchungulii kwenye mashine."

"Nani kakwambia nataka kukuoa?"

"Hutaki?"

"Nataka. Tangu siku ya mfuko wa plastiki."

"Basi sema kwa mdomo wako, mimi nisikie!"

"Nataka kukuoa, Fundi."

"Umechelewa dakika arobaini na tano," alisema, akajifuta uso kwa kiganja. "Twende. Baba anangoja."

Mlinzi aliwazuia. Mgeni lazima aandike, alisema, hata awe nani. Akatoa daftari lake kubwa. Subiri aliandika jina. Akaandika saa ya kuingia. Akaandika namba ya nyumba. Kwenye safu ya mwisho, penye uhusiano na mwenyeji, kalamu ilisimama.

"Lete," alisema Fundi.

Akamnyang'anya kalamu na kuandika "mchumba", amekandamiza kwa hasira mpaka herufi zikachomoza upande wa pili wa karatasi. Mlinzi alilisoma neno lile kichwa chini, akafungua geti dogo bila maswali.

"Na usitabasamu," Fundi alimwambia Subiri walipokuwa wanaingia. "Sijamaliza."

Akamshika mkono kwa nguvu, akaanza upya tangu mwanzo.